Mgeni wa Kazi Aanzie Wapi? Tuliyoyaona Kibiti na Delta ya Rufiji



Kila mikarafuu inapoanza kuonyesha dalili ya kuzaa, hufika ofisini kwetu mashauri ya namna moja. Huyu karafuu zake zimerudishwa kutoka kituoni kwa kuwa hazikukauka sawasawa. Yule amekuta mpeta umejaa katika magunia, naye hajui umetoka wapi. Mwingine matawi ya mikarafuu yake yamevunjwa na wachumaji, hata msimu uliofuata mti haukumpa kitu. Na mara nyingine, Mwenyezi Mungu apishe mbali, huja habari ya kijana aliyeanguka. Ukiuliza sana, katika mengi ya mashauri hayo utamkuta mtu mmoja nyuma yake: mgeni wa kazi, aliyeajiriwa jana, akapewa kazi leo, wala hapana aliyemwonyesha lolote ila maneno mawili matatu ya haraka haraka.

Wanachama wengi, mbali na mashamba, wana biashara zao ndogo ndogo: duka, mashine ya kukoboa, chombo cha uvuvi, cherehani mbili tatu kibarazani. Huko nako hadithi ni ile ile. Tajiri hulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui kazi, na kijana hulalamika kwamba hakuna anayemwambia kazi yenyewe ni ipi.

Kwa hiyo Halmashauri ilitutuma watu watatu kwenda Mrima tukatazame wenzetu wanafanyaje. Tulichagua Kibiti na delta ya Rufiji kwa sababu mambo yao yanafanana na yetu. Mazao yao ni ya msimu: korosho huja kwenye mwezi wa Oktoba na kuendelea, na ufuta katikati ya mwaka. Waajiri ni wadogo. Watu huajiriwa kwa wiki chache tu, kisha hutawanyika. Asiyejua kazi katika wiki ya kwanza amekwisha kula theluthi ya msimu.

Anayetaka kufika huko hushika barabara ya Kilwa kutoka Mbagala, akielekea kusini. Kibiti hapo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji, na sasa ni wilaya peke yake katika Mkoa wa Pwani. Ukitaka kuingia delta, kabla ya kufika mji wa Kibiti, hapo Bungu, unapinda mashariki mpaka Nyamisati, na kutoka hapo ni vyombo tu, ama vya kwenda Mafia ama vya kuingia katika mito ya mikokoni. Sisi watu wa visiwani si wageni wa sehemu hizo hata kidogo. Dari za nyumba za mawe za Mji Mkongwe zimebebwa na boriti za mikoko, nyingi katika hizo zimetoka Rufiji, na upana wa vyumba vile umefuata urefu wa boriti, wala si matakwa ya mwenye nyumba.

Tuanze na delta, kwa kuwa ndiko tulikojifunza zaidi.

Katika kijiji kimoja tulikaa siku mbili na bibi mmoja anayenunua kaa kwa wavuvi na kuwapeleka Dar es Salaam wangali hai. Biashara yake ni ndogo: banda la makuti, mizani ya kuning'iniza, matenga, na vijana wawili. Kaa wa mikokoni akifa hana bei. Tena kaa aliyejivua gamba karibuni huwa mtupu, ndani ni maji, ingawa kwa macho ni mkubwa sawa na mwenziwe aliyejaa nyama. Mnunuzi asiyeweza kuwatofautisha hununua maji kwa bei ya nyama, na kwa biashara ya kiasi kile, siku tatu za kununua maji zatosha kufunga banda.

Kazi ya kijana, basi, ina sehemu tatu. Kwanza ni kumpokea kaa na kumfunga magando. Kisha kumjaribu kama amejaa. Mwisho ni kumpanga katika tenga, kivulini, na kumfunika kwa magunia yaliyoloa asikauke njiani. Mtu angedhani mafundisho yataanza na kufunga, kwa kuwa ndiyo kazi ya kwanza kaa anapofika bandani. Bibi yule haanzii hapo. Gando la kaa mkubwa si mchezo, laweza kumharibu mtu kidole, na kijana aliyebanwa siku ya kwanza huwa mwoga mwezi mzima.

Yeye huanzia mwisho. Siku ya kwanza kijana hupanga tu kaa waliokwisha fungwa, na hulowesha magunia. Akikosea kupanga, huambiwa awatoe awapange upya, na hasara hapana. Baada ya hapo huingia katika kujaribu. Bibi huchagua kaa kumi ambao yeye mwenyewe amekwisha wajaribu, akawatia alama kwa fundo dogo lililofichwa chini ya kamba, kisha humpa kijana awagawe mafungu mawili. Kijana humgeuza kaa chali na kumbonyeza kwa kidole gumba upande wa chini wa gamba, karibu na mashina ya miguu. Pakiwa pagumu, kaa amejaa, na pakibonyea, ni mtupu. Akimaliza kugawa, yale mafundo hutazamwa mbele yake, palepale. Tulimwona kijana mmoja akibishania kaa mkubwa mwenye gamba zuri. Bibi hakumkaripia. Alimwambia, "Tazama tena, mwanangu. Wacha gamba, sikiliza kidole." Kijana akabonyeza tena, akacheka mwenyewe, akamhamisha.

Kufunga magando ndilo somo la mwisho, na hilo nalo hufundishwa kinyume. Bibi hufunga kila kitu, akaacha fundo la mwisho tu, kijana akalimaliza. Kesho yake humwachia gando moja zima, huku la pili limekwisha fungwa na kaa hana silaha. Ni baada ya siku kadhaa ndipo kijana humkanyaga kaa mgongoni kwa unyayo na kumfunga peke yake mwanzo hadi mwisho. Tulimwuliza ni nani aliyemfundisha kufundisha hivyo. Akasema, ni kidole cha mwanawe wa kwanza.

Wanachama watakaosoma habari hii huenda wakasema haya ni maarifa ya mtu mmoja. Sivyo. Watazameni mafundi cherehani wetu. Mwanagenzi haanzi kwa kukata kitambaa, ingawa kukata ndiko kunakotangulia katika kazi ya nguo. Huanza kwa kutia vifungo, kupiga pindo na kupiga pasi, kisha hushona, na mkasi ni wa mwisho kabisa. Mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Jean Lave, alikwenda Liberia katika miaka ya 1970 akawachunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola mjini Monrovia, na akakuta utaratibu huo huo: mwanagenzi anaanza na vifungo na pindo na kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye kukata. Sababu yake ni nyepesi. Mshono mbaya hufumuliwa. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakiungiki tena. Tena kijana aliyepitia kwanza nguo zilizokaribia kwisha amekwisha jua nguo nzuri hufananaje, na akifika kwenye mkasi anajua anakata kwa ajili ya nini.

Hili kwa maoni yetu ndilo jambo kubwa tulilorudi nalo. Sisi tumezoea kumfundisha mgeni kwa kufuata mpango wa kazi ulivyo, tukianza na hatua ya kwanza kwa kuwa ni ya kwanza. Wenzetu hufuata hasara. Wanauliza: mtu huyu akikosea hapa, kosa lafutika au halifutiki? Linapofutika ndipo wanapomwanzishia.

Wazee wa delta walitueleza pia habari ya hesabu ya boriti za zamani, walipokuwa wakipakia majahazi. Boriti huhesabiwa kwa korija, na korija ni 20. Mgeni akiwekwa kuhesabu, aliweka kijiti kimoja kando kwa kila korija iliyotimia. Tukatazama faida yake: mtu akichanganyikiwa kati ya hesabu, hupoteza korija moja tu, huirudia, na zile zilizotangulia zimesimama. Angehesabu mia sita moja kwa moja, kosa moja lingemrudisha kwenye moja. Kuigawa kazi vipande vidogo, kila kipande kikiwa na mwisho wake unaoonekana, ni msaada mkubwa kwa mgeni, na haukugharimu wazee wale kitu ila vijiti.

Sasa tuje Kibiti mjini na vijiji vya karibu. Huko korosho na ufuta hupita katika vyama vya msingi vya ushirika, vinavyojulikana kwa jina la AMCOS, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima huleta zao lake chamani, linakaguliwa, linapimwa, anapewa karatasi yake. Mzigo hukusanywa na kupelekwa ghala kuu, huuzwa kwa mnada, na fedha humjia mkulima baadaye. Msimu ukifunguliwa vyama hivi huhitaji makarani na wapimaji zaidi, na wengi ni vijana waliomaliza skuli, wanaojua hesabu vizuri lakini hawajapata kushika gunia.

Hapa tuliona shida ambayo bibi wa kaa hana. Kosa la mizani halionekani siku ile. Mpimaji akikosea nusu kilo kwa kila gunia, mkulima haoni na mpimaji haoni. Lakini katika magunia 200 hizo ni kilo 100, yaani zaidi ya gunia zima la kilo 80, na upungufu huo huja kuonekana ghala kuu baada ya siku nyingi, wakati hapana tena anayekumbuka ni nani aliyepima wala gunia lipi. Hapo ndipo watu wanapoanza kutazamana vibaya. Mkulima adhani ameibiwa na kijana adhani amesingiziwa, na labda wote wawili ni watu wema. Mtu hawezi kujifunza kwa kosa ambalo habari yake humfikia baada ya mwezi.

Mpimaji mmoja mzee alituonyesha dawa yake. Ana gunia moja alilolipima mwenyewe kwa makini, limeshonwa, limeandikwa uzito wake kwa wino na kuwekwa pembeni. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango, mpimaji mgeni hulipandisha kwenye mizani na kusoma. Likisoma vingine, ama mizani haikukaa sawa, ama ubao una mchanga chini, ama macho ya msomaji hayakulingana na alama. Kabla ya mkulima wa kwanza kufika sababu imekwisha tafutwa. Mchana hulipandisha tena bila taarifa, katikati ya magunia ya watu. Hii haiondoi kazi ya Wakala wa Vipimo, ambao ndio wenye haki ya kukagua mizani na kuipiga muhuri. Ni kumfundisha kijana kuishuku mizani yake kila siku, maana wakaguzi hawaji kila siku.

Kwa kukagua ubora, korosho yenyewe ni mwalimu. Iliyokauka ukiitikisa hulia, na ukucha haingii kwenye ganda. Kisha kuna kupasua. Hupimwa kilo moja ya korosho, huhesabiwa ni ngapi, hupasuliwa zote, na nyama hugawanywa: nzuri, yenye madoa, na iliyooza. Nyama nzuri huhesabiwa yote, yenye madoa nusu yake, iliyooza hutupwa. Ikipatikana gramu 260 nzuri na gramu 24 zenye madoa, hesabu ni 272. Wanunuzi wa dunia nzima huuliza gunia la kilo 80 litatoa paundi ngapi za nyama, basi 272 mara 80 ni gramu 21,760, na kwa kuwa paundi ni gramu 453.6, jibu ni karibu na paundi 48. Karani mgeni huogopa hesabu hii mwanzoni, kisha huiona ni ndogo.

Lililotupendeza si hesabu. Ni kwamba mzee yule hamruhusu kijana kupasua kabla ya kukisia. Lazima aitazame sampuli, aishike, aseme kwa sauti, "Hii paundi 46," kisha ndipo apasue. Akikosea kwa paundi nne leo, kesho mbili, baada ya wiki moja jicho lake limekwisha fundishwa na korosho zenyewe, na mzee hakusema maneno mengi. Kijana anayepasua bila kukisia aweza kupasua gunia zima asijue kitu zaidi ya jana. Tuliosoma chuoni tutakumbuka jambo hili. Mwalimu hakutusomea sura nzima tukasema tumeelewa. Tulisoma aya moja ubaoni, tukaficha ubao, tukasoma kwa moyo, na kosa likarekebishwa herufi kwa herufi kabla ya aya ya pili, mara nyingi na mwanafunzi mkubwa aliyeipita aya hiyo mwezi uliopita tu.

Mambo haya yamefikiriwa na mataifa makubwa pia. Katika vita kuu ya pili, kati ya 1940 na 1945, viwanda vya Marekani vilipoteza wafanyakazi wengi kwa jeshi, vikapokea wageni kwa maelfu, wake kwa waume, waliokuwa hawajapata kushika chombo cha kiwandani. Serikali yao ikawapa wasimamizi kikaratasi cha kutia mfukoni kilichowaeleza njia ya kufundisha kwa hatua 4: mtayarishe mtu, mwonyeshe kazi, mwache aijaribu mbele yako huku akikueleza anachofanya na kwa nini, kisha mwache peke yake lakini umrudie mara kwa mara. Asili ya hatua hizo ni mafunzo ya mafundi wa meli katika vita kuu ya kwanza, yaliyoongozwa na Charles Allen. Wasimamizi zaidi ya milioni 1 walifundishwa kwa njia hiyo. Tukijipima sisi kwa kikaratasi hicho, tutaona ya kuwa tunafanya hatua ya pili tu. Tunaonyesha, tena kwa haraka, kisha tunaondoka, na tunarudi siku ya lawama.

Jambo jingine la Kibiti lahitaji kusemwa kwa adabu. Wilaya ile ilipita kipindi kigumu. Katika 2016 na 2017 waliuawa watu kadhaa, wakiwamo viongozi wa vijiji, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja pale Jaribu. Hatulitaji jambo hili kwa kufukua vidonda vya wenzetu, ambao leo wanaendelea na kazi zao kwa amani. Twalitaja kwa kuwa linatufundisha shughuli ya watu haifai kukaa katika kichwa cha mtu mmoja. Mtu huuawa, huhama, huugua, au hupata kazi nzuri zaidi mahali pengine. Anayemfuata akikuta daftari lililoandikwa vizuri, mwenye ghala gani anadaiwa nini, mizani ipi hukawia, mkulima gani huleta mzigo usiku, huweza kuanza. Akikuta kiti kitupu, ataanza kwa kubahatisha.

Daftari kama hilo si lazima liwe kubwa. Kurasa nne zatosha, ziandikwe na yule aliyejifunza karibuni. Fundi mkuu amesahau kitu gani kilimtatiza alipokuwa mgeni, lakini kijana wa msimu uliopita anakumbuka vizuri sana. Na siku hizi karibu kila mtu ana simu. Picha ya karafuu nzuri iliyokauka na picha ya mpeta, zimewekwa pamoja, zaokoa maneno mengi.

Sasa karafuu zetu. Tukifuata njia ya hasara badala ya mpango wa kazi, mgeni hataanza juu ya mti. Ataanza kwenye mkeka. Huko atajifunza kuzitandaza ziwe nyembamba, kuzigeuza, kuzikusanya na kuzifunika kabla ya umande, na kukimbia mvua. Kila asubuhi na kila jioni apewe karafuu kumi kutoka sehemu mbalimbali za mkeka, aseme kwanza "kavu" au "bado", kisha azivunje. Iliyokauka hukatika mara moja kwa mlio, mwili wake ni wa rangi ya kahawia iliyokolea na kichwa chake kimepauka kidogo. Inayopinda haijawa tayari, na inayopinda hiyo ndiyo itakayowaharibu wenzake gunia likikaa ghalani. Tena apime mwenyewe kikapu kimoja kibichi na kukipima tena kikikauka, aone kwa macho yake kwamba kilichobaki ni karibu theluthi. Akiona hivyo hatazikusanya mapema kwa kutaka zionekane nyingi.

Kutoka mkekani ahamie kwenye kuchambua, ajue makonyo ni mali lakini si karafuu, na ajue kwa nini karafuu mbichi hazilazwi zimelundikana katika gunia mpaka asubuhi: hupata joto, huchacha, na huo ndio mpeta tunaouona kituoni. Mwonyesheni konzi moja ya mpeta siku ya kwanza, aishike, ainuse. Tusimwache aujue kwa kuutengeneza.

Kuchuma ndiko kwa mwisho. Kijana aliyekwisha chambua na kuanika kwa siku kadhaa anajua vikonyo vya kuchumwa ni vipi, vilivyoanza kuwa vyekundu na havijafunua maua, kwa hiyo anapopanda hapandi kujifunza kuchagua, anapanda kujifunza kupanda tu. Aanze matawi ya chini, na mtu mzima awe chini yake akimwangalia, atumie kigoe kulivuta tawi wala asilikanyage jembamba, na asipewe mti mrefu kwa sababu tu leo wachumaji ni wachache. Twajua ya kuwa hili ni gumu. Karafuu haingoji, na pishi zinahesabiwa. Lakini tawi lililovunjika ni la miaka, na mtu aliyeanguka hana bei ya kumrudisha.

Tulipoyasimulia haya katika kikao, wazee wetu wawili walitupinga, na pingamizi zao zina haki ya kujibiwa.

Mmoja alisema, "Sisi tulijifunza kwa kutazama tu, wala hakuna aliyetupangia karafuu kumi." Ni kweli. Lakini mzee wetu alizaliwa shambani, akacheza juu ya majamvi ya karafuu tangu hajajua kusema, na alipopewa kazi alikuwa amekwisha tazama miaka kumi na mbili. Kijana anayekuja leo kutoka mjini, au kutoka bara, ana wiki tatu. Hawezi kutazama miaka kumi na mbili katika wiki tatu.

Wa pili alisema nimfundishe kijana, kesho jirani amwongeze senti mbili amchukue. Hilo nalo hutokea, hatulikatai. Bibi wa kaa amepoteza vijana wawili kwa njia hiyo hiyo. Jibu lake lilikuwa kwamba asiyejua kazi akibaki naye humgharimu kuliko anayejua akiondoka, na ya kuwa vijana walioondoka ndio sasa wanaomwuzia kaa waliofungwa vizuri. Sisi tungeongeza hili: wanachama tukifundisha wote, mchukuaji leo atakuwa mchukuliwa kesho, na kisiwa kizima kitakuwa na watu wa kazi. Anayepata hasara ya kweli ni yule anayefundisha peke yake katikati ya majirani wasiofundisha.

Hatukuafikiana juu ya jambo moja, nalo ni malipo ya siku za kujifunza. Wengine wanataka mgeni alipwe kwa pishi tangu siku ya kwanza. Ofisi yaona kwamba mtu anayelipwa kwa pishi siku ya kwanza hana nafasi ya kujifunza, maana kila dakika ya kuuliza ni dakika ya njaa. Alipwe kwa siku katika siku zake za mkekani, ijapokuwa ni kidogo, kisha ahamie pishi. Kila mwanachama na aamue kwa uwezo wake.

Halmashauri imekubali kwamba kabla ya vituo vya ZSTC kufunguliwa, kila tawi la chama litafanya siku moja ya mazoezi kwa wageni wa kazi. Tawi litatoa mkeka, mizani, na gunia moja lililoandikwa uzito. Wanachama wanaombwa kuleta vijana wao, na kila mmoja alete konzi ya karafuu nzuri ya msimu uliopita na konzi ya mpeta kama anayo. Waanikaji wazoefu wawili watahitajika katika kila tawi wa kukaa na vijana hao kutwa nzima, na watalipiwa nauli na chakula. Majina ya vijana na ya wazoefu yapelekwe kwa karani wa tawi. Mwanachama asiyeweza kufika siku hiyo amwarifu karani mapema, ili kijana wake apangiwe siku nyingine.